Ushahidi wa Hasara: Marekani na Wafanyakazi Waliopokonywa Ajira na Biashara ya Nje, 1962–2022

Nchi inapopunguza ushuru wa forodha, yaani kodi inayotozwa bidhaa zinazoingia kutoka nje, faida yake hugawanyika kwa wanunuzi wengi, kila mmoja akipata kidogo, ilhali hasara huwaangukia kwa mkupuo watu wa kiwanda kimoja na mji unaokitegemea. Ni kwa kuzingatia tofauti hiyo kwamba David McDonald, rais wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma, alipendekeza mwaka 1954, akiwa mjumbe wa tume iliyoundwa kuchunguza sera ya Marekani ya uchumi wa nje, kwamba serikali inayofungua soko kwa manufaa ya taifa zima iwagharimie wale wanaoumia kwa uamuzi huo. Tume haikulikubali pendekezo hilo, lakini John F. Kennedy, wakati huo akiwa seneta, alilichukua, na alipokuwa rais aliliingiza katika Sheria ya Upanuzi wa Biashara aliyoitia saini Oktoba 1962.

Ahadi ilikuwa nzito, ila masharti yake yalikaribia kuifuta. Wafanyakazi walitakiwa kuthibitisha mbele ya Tume ya Ushuru kwamba bidhaa za nje zimeongezeka hasa kwa sababu ya nafuu ya ushuru iliyotolewa na Marekani, kisha wathibitishe kwamba ongezeko hilo ndilo sababu kuu ya wao kuachishwa kazi, mambo ambayo hata mchumi mwenye takwimu zote mkononi angepata taabu kuyatenganisha na mabadiliko ya mitambo au ya mahitaji ya soko. Matokeo yake ni kwamba hadi Novemba 1969, miaka 7 baada ya sheria kupitishwa, hapakuwa na kundi hata moja la wafanyakazi lililokuwa limekubaliwa ombi lake. Vyama vya wafanyakazi, ambavyo viliunga mkono biashara huria kwa kutegemea ahadi hiyo, vilikuwa na haki ya kuuita mpango huo bima ya mazishi.

Sheria ya Biashara ya mwaka 1974 ililegeza masharti: uamuzi ulihamishiwa Wizara ya Kazi, na ikatosha kwamba bidhaa za nje zimechangia kwa kiasi cha maana kupotea kwa ajira. Magari ya Japani yalipolitikisa soko mwishoni mwa muongo huo, wafanyakazi wa viwanda vya magari waliomba kwa wingi na matumizi yakapanda ghafla, jambo lililoipa serikali ya Ronald Reagan sababu ya kuyapunguza mafao mwaka 1981.

Hata hivyo, sheria ilikuwa bado inatazama bidhaa zinazoingia kuliko mitambo inayotoka. Kampuni ilipofunga kiwanda na kupeleka kazi ng'ambo, kuhama kwenyewe hakukuwa ushahidi. Mkataba wa biashara huria wa Amerika Kaskazini, ulioanza kutumika Januari 1994, ndio uliobadilisha jambo hilo, lakini kwa kazi zilizohamia Mexico au Kanada tu. Marekebisho ya mwaka 2002 yalipanua wigo hadi nchi nyingine zenye mikataba maalumu ya biashara na Marekani. China, iliyojiunga na Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001, haikuwa miongoni mwake, kwa hiyo waliopoteza kazi zilizohamia huko walibaki na mzigo wa kuthibitisha pia kwamba bidhaa za nje zimeongezeka au zinaelekea kuongezeka. Ni mwaka 2009 tu ambapo uhamisho wa uzalishaji kwenda nchi yoyote ulitambuliwa, na wafanyakazi wa huduma wakaingizwa, baada ya sehemu kubwa ya ajira za viwandani zilizopotea katika muongo huo kuwa zimekwisha kupotea.

Waliokubaliwa walilipiwa mafunzo ya ufundi mpya, wakapewa posho ya kila wiki baada ya mafao ya kawaida ya kukosa ajira kwisha, na tangu 2002 waliofikisha umri wa miaka 50 waliweza kufidiwa nusu ya pengo kati ya mshahara wa zamani na mpya, kwa muda usiozidi miaka 2. Mchumi Benjamin Hyman, akilinganisha maombi yaliyoangukia kwa maofisa wakarimu na yale yaliyoangukia kwa wagumu, alionyesha kwamba waliosaidiwa walipata takriban dola 50,000 zaidi katika miaka 10. Ubovu, basi, haukuwa katika msaada bali katika mlango wake: David Autor, David Dorn na Gordon Hanson waligundua kwamba maeneo yaliyoumizwa zaidi na bidhaa za China yaliongezewa fedha nyingi zaidi kupitia mafao ya ulemavu na matibabu kuliko kupitia mpango uliotungwa kwa ajili yao.

Bunge halikuuongezea mpango huo muda, na tangu Julai 1, 2022 Wizara ya Kazi haikuruhusiwa tena kuyaidhinisha makundi mapya. Waliokuwa wamekwisha kuidhinishwa waliendelea na mafunzo yao. Waliofuata walibakiwa na bima ya kawaida ya kukosa ajira, ambayo katika majimbo mengi haizidi wiki 26 na haina haja ya kujua kazi imehamia wapi.