Nani Huhesabu Saa za Lori Mpakani?

Tarehe 22 Februari 2017, nchi nne ziliwasilisha hati zao za kuridhia mkataba katika makao makuu ya Shirika la Biashara Duniani mjini Geneva. Zilikuwa Rwanda, Oman, Chad na Jordan. Hadi hapo wanachama walioridhia walikuwa 108, na mkataba ulihitaji 110 kati ya wanachama 164. Hati hizo nne zikafikisha idadi 112, na Mkataba wa Uwezeshaji Biashara, uliokubaliwa Bali Desemba 2013 baada ya miaka mingi ya kuvutana, ukaanza kutumika siku hiyo hiyo.

Si ajabu kwamba Rwanda ilikuwa miongoni mwa waliouvusha. Shehena yake husafiri zaidi ya kilomita 1,400 kwa barabara kutoka bandari ya Dar es Salaam au Mombasa. Nchi isiyo na bahari hulipia kila saa lori linaposimama, na hulipia kwa bei ya saruji, mafuta na dawa madukani. Kenya ilikuwa imeridhia tangu 2015. Tanzania iliridhia 2020.

Ndani ya mkataba huo, kwenye kifungu cha 7, kuna aya ambayo haijapata kelele inayostahili. Inazihimiza nchi zipime muda wa wastani wa kutoa mizigo, zipime mara kwa mara, kisha ziyatangaze matokeo. Inazihimiza tu, haizilazimishi. Historia ya kupima urahisi wa biashara imelala yote hapo: nani apime, apime nini, na matokeo aonyeshwe nani.

Njia ya zamani zaidi ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Forodha ya Japani ilianza kuitumia 1991, Shirika la Forodha Duniani likaichukua 1994, na mwongozo wake ukatoka 2002. Utaratibu wake hauna uchawi. Huchaguliwa kipindi kifupi, mara nyingi wiki moja, na kila tamko la forodha linaloingia huambatanishwa na fomu. Meli ilifika saa ngapi? Kontena lilishushwa lini? Wakala aliwasilisha nyaraka lini, ushuru ulilipwa lini, mkaguzi wa mimea alifika lini, lori lilitoka getini lini? Kila ofisa anayeugusa mzigo anaandika tarehe na saa. Mwishoni fomu zinakusanywa, na ucheleweshaji unaonekana umekaa wapi.

Utamu wake uko katika kugawa lawama kwa haki. Watu wamezoea kusema "forodha wanachelewesha", lakini fomu hizo zinaweza kuonyesha kwamba saa nyingi zimepotea kabla nyaraka hazijafika forodhani. Huenda wakala hakukamilisha ankara, mwenye mzigo alikuwa bado anatafuta fedha za ushuru, au taasisi ya viwango ilitaka sampuli zipelekwe maabara mji mwingine. Ukikosa takwimu hizo, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole.

Benki ya Dunia ilikuja na njia nyingine. Ripoti yake ya mazingira ya biashara, iliyojulikana kama Doing Business, ilianza kupima biashara ya mipakani katika toleo la 2006. Wapimaji hawakusimama getini na saa. Waliwatumia maswali mawakala, wanasheria na wasafirishaji, wakiwapa mfano mmoja wa kufikirika. Miaka ya mwanzo ulikuwa kontena la futi 20. Baadaye, kwa upande wa uagizaji, ukawa tani 15 za vipuri vya magari. Wajibuji walikadiria nyaraka, muda na gharama, na nchi zikapangwa kama timu za ligi.

Njia hiyo ilikuwa na nguvu ambayo fomu za forodha hazijawahi kuwa nayo, nayo ni aibu. Waziri asiyesoma ripoti ya kurasa mia mbili husoma nafasi ya nchi yake. Katika ripoti ya 2020 Kenya ilikuwa ya 56 na Tanzania ya 141, na namba kama hizo huzungumzika kuanzia bungeni hadi vijiweni. Watafiti Simeon Djankov, Caroline Freund na Cong Pham walitumia takwimu za aina hiyo kuonyesha kwamba kila siku ya ziada ambayo mzigo unakaa kabla ya kusafirishwa hupunguza biashara kwa zaidi ya asilimia 1. Hoja hiyo iliwapa wataalamu wa uchukuzi lugha ambayo wizara za fedha zinaielewa.

Aibu hiyo hiyo ndiyo iliyoiangusha. Nafasi kwenye orodha ikishakuwa heshima ya taifa, nchi huanza kuipigania nafasi yenyewe. Uchunguzi ulibaini kasoro katika takwimu za ripoti za 2018 na 2020, zilizozihusu China, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Azerbaijan, na Septemba 2021 Benki ya Dunia ikaifuta ripoti yote. Mrithi wake, B-READY, alitoa toleo la kwanza 2024.

Umoja wa Mataifa ulipita njia ya tatu. Tangu 2015, tume zake tano za kikanda zimekuwa zikifanya utafiti wa dunia wa uwezeshaji biashara kila baada ya miaka miwili, zikiuliza hatua moja moja kama imetekelezwa yote, kwa sehemu, kwa majaribio, au haijaanza. Humo ndimo biashara isiyotumia karatasi ilipopata kipimo chake. Je, nchi ina Dirisha Moja la Kielektroniki, yaani mfumo mmoja wa kuwasilisha nyaraka zote? Je, cheti cha uasili wa bidhaa kinaweza kuombwa mtandaoni? Je, cheti hicho kinatumwa nchi ya pili moja kwa moja na kikakubalika huko?

Swali hilo la mwisho ndilo gumu. Singapore ilianzisha dirisha lake, mfumo wa TradeNet, Januari 1989, na vibali vilivyochukua siku vikaanza kutoka kwa dakika. Kenya ilizindua mfumo wake 2014. Lakini kujenga mfumo ndani ya mipaka yako ni jambo moja, na kumfanya jirani aamini kinachotoka ndani yake ni jambo jingine. Toleo hadi toleo, utafiti huo unaonyesha kwamba kubadilishana nyaraka za kielektroniki kati ya nchi na nchi ndiko kunakobaki nyuma. Wakala wa forodha hahitaji kuambiwa hilo na ripoti: anajaza kila kitu kwenye mfumo, kisha anachapisha nakala na kuzunguka nazo akitafuta muhuri.

Kwetu, kipimo chenye maana zaidi kimetoka barabarani. Mamlaka ya Ushoroba wa Kaskazini, njia ya mizigo kutoka bandari ya Mombasa kwenda nchi za bara, yenye makao Mombasa, ilianzisha 2012 kituo cha kufuatilia uchukuzi, kinachokusanya takwimu za bandari, forodha, mizani na mienendo ya malori. Mwaka 2014 wadau wa bandari ya Mombasa na ushoroba huo wakatia saini hati ya ahadi zinazopimika. Mwaka huo huo Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki ikaanza, ushuru ukilipwa kabla mzigo haujaondoka bandarini. Takwimu ambazo Jumuiya ya Afrika Mashariki imekuwa ikizitaja ni kwamba safari ya Mombasa hadi Kampala ilishuka kutoka siku 18 hadi 4. Vituo vya pamoja vya mpakani vya Rusumo, Taveta na Holili, Busia, Namanga na Tunduma vikafuata, dereva akihudumiwa na maofisa wa nchi mbili mahali pamoja.

Halafu ukaja mwaka 2020. Malaba, mpaka wa Kenya na Uganda uliokuwa umesifiwa katika kila semina, ukajaa foleni ya makumi ya kilomita madereva wakisubiri majibu ya vipimo vya korona. Mifumo ya forodha ilikuwa ikifanya kazi. Kilichokosekana ni cheti kimoja cha afya ambacho nchi zote zingekiamini, na hilo halikuwa kwenye dodoso la mtu yeyote.

Vipimo hivi vina pengo jingine, na linaniuma zaidi. Karibu vyote vimetazama kontena. Mama anayevusha viroba vya mahindi au matenga ya nyanya hana wakala wala tani 15 za vipuri. Jumuiya ina cheti rahisi cha uasili kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, utaratibu uliotungwa kwa ajili yake hasa. Lakini saa anazosubiri haziingii kwenye wastani wa kontena, na kisichohesabiwa hakitengewi bajeti.

Kila nchi iliyoridhia ule Mkataba wa Uwezeshaji Biashara inatakiwa kuwa na kamati ya taifa ya uwezeshaji biashara. Kamati hizo zisingoje orodha ya Benki ya Dunia wala dodoso la Umoja wa Mataifa. Zipime kila mwaka muda wa kutoa mzigo katika kila mpaka, lori na kiroba cha mama vyote vikiwemo, na matokeo yabandikwe kwa Kiswahili kwenye ukuta wa Namanga, Tunduma na Busia, mahali ambapo anayesubiri anaweza kuyasoma na kudai maelezo.