Siku Nne Bagamoyo, Ncha ya Pili ya Njia Yetu



Wapendwa waamini, juma lililopita hamkupata tafakari kwa kuwa nilikuwa safarini. Nilijaliwa kukaa siku nne Bagamoyo, mji wa kale wa bandari ulio kilometa zipatazo 70 kaskazini ya Dar es Salaam. Wengi wetu hapa Buzebazeba tunalijua jina hilo tangu darasani, lakini waliofika ni wachache. Hata hivyo, sidhani kama upo mji wa pwani unaotuhusu sisi watu wa Ujiji na Kigoma kuliko huo. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilianzia pale, ikapita Mpwapwa na Tabora, ikaishia hapa kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilometa zipatazo 1,200. Bagamoyo na Ujiji ni ncha mbili za kamba moja. Aliyezaliwa kwenye ncha hii inampasa siku moja aende akaione ile nyingine.

Jina lenyewe lina maana mbili, na wenyeji hukueleza zote. Wapo wasemao kwamba mpagazi aliyefika pwani baada ya miezi ya kutembea alibwaga mzigo na kutuliza moyo. Wapo wasemao kwamba mtumwa, akijua kuwa mbele yake ni bahari tu, aliubwaga moyo wake pale kwa kukata tamaa. Sina haja ya kuchagua. Watu wa namna zote mbili walipita, mara nyingi katika msafara mmoja.

Hapa niseme jambo ambalo wengi hulichanganya. Si kila aliyebeba mzigo katika njia ile alikuwa mtumwa. Wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira wa vitambaa na shanga. Mpagazi alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32, pamoja na mkeka wake na chungu chake. Lakini katika njia hiyo hiyo walitembea pia watu waliofungwa, waliokamatwa upande wa pili wa ziwa letu, katika Umanyema na kwingineko. Walivushwa kwa mitumbwi na majahazi hadi Ujiji. Baadhi yao waliuzwa na kubakizwa hapa hapa, wengine Tabora, wengine wakafikishwa pwani. Kwa hiyo soko la watumwa halikuwa habari ya Zanzibar peke yake. Lilikuwapo pia hapa Ujiji.

Nilichokwenda kukitazama zaidi Bagamoyo ni misheni. Habari yake inaanzia Réunion, kisiwa cha Wafaransa katika Bahari ya Hindi, ambako utumwa ulifutwa mwaka 1848. Mwaka uliofuata lilianzishwa huko shirika la Mabinti wa Maria, lililowapokea katika nyumba moja wanawake wa Kizungu na wanawake waliotoka utumwani. Kwa wakati ule halikuwa jambo dogo. Mwaka 1860 Padre Armand Fava aliondoka Réunion pamoja na baadhi ya masista hao, wakafungua misheni Zanzibar. Baadaye kazi hiyo ilikabidhiwa Wamisionari wa Roho Mtakatifu, shirika la Kifaransa, na mwaka 1868 Padre Antoine Horner na wenzake wakavuka kwenda Bagamoyo. Hadi leo msalaba umesimama karibu na ufuko kukumbuka mwaka huo. Ukitoka baharini unapita katika njia ndefu yenye miembe mikubwa pande zote mbili. Mbele yake utakuta kanisa la kale, makaburi ya wamisionari, ambao wengi wao walikufa wangali vijana, na nyumba ya masista ambayo sasa ni makumbusho.

Wakristo wa kwanza wa misheni ile walikuwa watoto waliokombolewa. Neno hilo ni zuri, lakini tusilifiche jambo lenyewe: watoto hao walinunuliwa. Wamisionari walitoa fedha, wakamchukua mtoto, wakamwandika huru. Mambo yaliwaendea vibaya mapema: kipindupindu kilipiga mwaka 1869 na kimbunga kikabomoa majengo mwaka 1872. Hata hivyo misheni ilikua. Watoto walisoma, wakajifunza useremala, uhunzi na kilimo. Walipofikia umri walioana, wakapewa nyumba na shamba katika kijiji kilichoitwa Kijiji cha Uhuru.

Je, kununua ili kuokoa si kumpa mwindaji sababu ya kurudi porini? Swali hili liliulizwa tangu zamani, na si la kijinga. Fedha ya mmisionari iliingia mfukoni mwa mfanyabiashara sawa na fedha nyingine yoyote. Kwa upande mwingine, mtoto aliyesimama sokoni siku ile hakuweza kungoja hadi mataifa yamalize kujadiliana. Nadhani tutawatendea haki wazee wetu hao tukikubali kwamba walikuwa katika hali ambayo hapakuwa na mkono utakaobaki safi kabisa.

Liko la pili, nalo ni zito zaidi. Maisha katika misheni yaliendeshwa kwa kengele: saa ya sala, saa ya shamba, saa ya shule. Aliyekombolewa hakuulizwa kama anataka kurudi kwao, na mara nyingi hakukuwa na njia ya kumrudisha. Wapo waliokaa kwa shukrani, wakajenga familia za Kikristo, na wengine wakafuatana na mapadre kwenda kufungua misheni za bara. Wapo pia walionung'unika, na wapo waliotoroka. Habari hii haipunguzi sifa ya wamisionari. Inatufundisha kwamba kumtoa mtu katika mnyororo ni kazi ya siku moja, bali kumfanya ndugu ni kazi ya miaka. Mtume Paulo aliijua tofauti hiyo. Alipomwandikia Filemoni habari za Onesimo, hakuishia kuahidi kulipa deni lake. Aliomba apokewe nyumbani kama ndugu mpendwa.

Sasa tuifuate njia kurudi kwetu. Aprili 1878 wamisionari kumi wa Kardinali Lavigerie, wale ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walipanda meli katika bandari ya Marseille, kusini ya Ufaransa. Mwezi Juni waliondoka Bagamoyo kwa miguu. Padre Pascal, aliyewekwa kuwa mkuu wa kundi la Tanganyika, alifariki njiani mwezi Agosti. Baada ya Tabora waligawanyika, kundi moja likaelekea Uganda na jingine likafika Ujiji Januari 1879. Walikuta mji wenye wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, na Waprotestanti wa Shirika la Misioni la London waliokuwa wamewatangulia kwa miezi michache na kumzika mwenzao mmoja hapa.

Mapadre hao hawakujenga makao yao Ujiji. Mwaka 1879 walipanda kaskazini kwa mtumbwi, wakafungua misheni Rumonge, katika nchi ambayo leo ni Burundi. Ujiji walirudi kutafuta mahitaji, na sokoni waliwakomboa watoto, kama ilivyofanyika Bagamoyo. Tarehe 4 Mei 1881, huko Rumonge, Padre Deniaud, Padre Augier na msaidizi wao mlei d'Hoop waliuawa katika ugomvi uliotokana na mtoto mmoja wa misheni aliyechukuliwa na watu wa jirani. Walikwenda kumdai, wakashambuliwa. Watatu walikufa kwa ajili ya mtoto mmoja, wala jina la mtoto huyo halitajwi tunaposimulia habari zao.

Jina moja tunalo, nalo linatosha kutuonyesha ukombozi unaweza kuzaa nini. Adriani Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, katika Mali ya leo. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria. Kardinali Lavigerie alimpeleka Malta kusomea uganga. Mwaka 1889 alifika Karema, kusini mwa ziwa letu, akawa katekista na daktari, akawatibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67 hivi. Mmoja wa watoto wake akawa padre. Mtu aliyetekwa Afrika ya Magharibi ndiye aliyefunga vidonda vya watu wa Tanganyika. Alinunuliwa kwa fedha kidogo, lakini matunda yake yalipatikana kwa sababu kuna waliomsomesha, wakamwamini, wakamwachia kazi yenye heshima.

Katika kanisa la kale la Bagamoyo upo mnara unaoitwa kwa jina la Livingstone. Sisi wa Ujiji tunajivunia kwamba Stanley, aliyeondoka Bagamoyo Machi 1871, alimkuta Livingstone hapa kwetu mwaka huo huo, na tunayo kumbukumbu yake pamoja na miembe iliyotokana na ule mwembe wa zamani. Bagamoyo wanayo habari ya mwisho. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Abdallah Susi, James Chuma na wenzao waliukausha mwili wake, wakaubeba kwa miezi mingi hadi pwani, na Februari 1874 ukalazwa katika misheni ya Wakatoliki kabla ya kupelekwa Uingereza. Mprotestanti alibebwa na Waafrika, Mwislamu akiwamo, akapokewa na mapadre wa Kifaransa. Katika vitabu jina kubwa ni la aliyebebwa. Nadhani mbele ya Mungu waliobeba wameandikwa pia.

Bandari hizi mbili zilififia karibu kwa namna moja. Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891. Reli ilipofika ziwani mwaka 1914 ilishukia Kigoma, ikaiacha Ujiji pembeni. Mizigo ikahama, lakini watu wakabaki. Miongoni mwetu, Wakristo na Waislamu, wamo wajukuu wa wapagazi, wajukuu wa wafanyabiashara na wajukuu wa waliouzwa, na mara nyingi wote wamekutana katika ukoo mmoja. Ndiyo maana haifai mtu yeyote kumtania mwenzake kwa asili ya babu zake. Hakuna kati yetu ajuaye hakika alitoka ncha ipi ya mnyororo.

Wapendwa, mnyororo wa chuma sasa uko katika makumbusho. Lakini njia ile bado ina wapitaji. Binti wa miaka 12 au 13 huchukuliwa kijijini Kasulu au Kibondo, akapandishwa gari moshi au basi kwenda kufanya kazi za nyumbani katika miji ya mbali, na pengine humu humu Kigoma. Wazazi huahidiwa kwamba atasomeshwa. Wengine hutimiziwa, wengine hawaoni darasa wala mshahara. Katika nyumba zetu za parokia hii wamo. Sitaji nyumba ya mtu. Nawaomba tu kila mwenye msichana au kijana wa kazi ajiulize maswali matatu kabla ya Dominika ijayo: Je, namlipa yeye mwenyewe? Je, anapata nafasi ya kusoma na ya kusali? Je, anakula chakula kile ninachokula, tena katika meza ninayoketi?

Na kama ni mtoto wa umri wa shule, asiwe mfanyakazi wa mtu. Arudi darasani. Aliye na shida katika jambo hili aje tuzungumze, mlango wa ofisi uko wazi, wala hatahukumiwa.

Jumamosi hii, baada ya Misa ya asubuhi, tutasali rozari kwa ajili ya wote waliopita katika njia ya Ujiji na Bagamoyo bila majina yao kuandikwa popote. Karibuni nyote, na mwende na vijana.

Mwenyezi Mungu awabariki.