Walthamstow Avenue Haikuuawa na Mwaka 1974: Ardhi na Kifo cha Klabu ya Ridhaa Mashariki mwa London

Wanaoandika historia ya soka la Uingereza nje ya Football League huitaja Walthamstow Avenue kwa namna mbili. Wapo wanaoihesabu miongoni mwa klabu za ridhaa zilizodhoofika na hatimaye kutoweka baada ya Chama cha Soka cha Uingereza (FA), mwaka 1974, kufuta mpaka kati ya mchezaji wa ridhaa na mchezaji wa kulipwa. Wengine huiweka kwenye ukoo wa Dagenham & Redbridge, klabu iliyoingia Football League mwaka 2007, na kwa hesabu yao Avenue haikufa bali ilikua. Maelezo hayo yanapingana, ila yana kosa moja la pamoja: yote yanaitazama klabu bila kiwanja chake. Makala haya yanadai kwamba Walthamstow Avenue ilikufa mwaka 1988, na kwamba kilichoiua ni soko la ardhi la London, wala si kufutwa kwa soka la ridhaa.

Kuhusu misingi ya soka la ridhaa hakuna ubishi mkubwa. FA iliruhusu malipo kwa wachezaji mwaka 1885, na FA Amateur Cup likaanzishwa mwaka 1893 ili wasiolipwa wawe na kombe lao. Tony Mason ameshaieleza vizuri jamii ya soka la awali, lakini kitabu chake kinaishia 1915. Dilwyn Porter ameandika kuhusu Pegasus, timu ya wasomi wa Oxford na Cambridge iliyodumu kuanzia 1948 hadi 1963. Ni kazi nzuri, ila kila mwanafunzi anayeanzia hapo hujikuta akidhani kwamba soka la ridhaa lilikuwa mali ya vyuo vikuu, na kwamba lilikufa hali hiyo ya kiungwana ilipokufa. Pegasus haikuwa na mtaa wa kuuita wake. Avenue ilikuwa nao.

Avenue ilianzishwa mwaka 1900 na vijana waliosoma shule ya Pretoria Avenue, na jina likatokana na shule hiyo. Makao yake yakawa Green Pond Road, katika mji uliokuwa bado ndani ya Essex. Baada ya Vita Kuu ya Pili iliingia Isthmian League, ligi ambayo kaulimbiu yake ya Kilatini ilidai kwamba heshima inatosha, na ikatwaa ubingwa katika msimu wake wa kwanza, 1945–46. Ikarudia msimu wa 1952–53 na wa 1954–55. Mwaka 1952 ilitwaa Amateur Cup pale Wembley mbele ya watazamaji 100,000, kwa mabao 2–1 katika muda wa nyongeza, dhidi ya Leyton, majirani zake wa pua na mdomo. Kikosini alikuwemo Trevor Bailey, mchezaji wa timu ya taifa ya kriketi. Mwaka 1961 ililitwaa tena kwa kuifunga West Auckland Town.

Mechi inayokumbukwa kuliko zote ni ya Kombe la FA, raundi ya nne, Januari 1953. Baada ya kuzitoa Watford na Stockport County, Avenue ilikwenda Old Trafford kukabiliana na Manchester United ya Matt Busby, bingwa wa nchi wa mwaka uliotangulia, ikapata sare ya 1–1. Mfungaji wa United aliitwa Lewis, na wa Avenue pia aliitwa Lewis: Jim Lewis, ambaye mkate wake aliupata kwa kusafiri akiuza chupa za chai za Thermos. Lewis huyo alikuwemo katika kikosi cha Chelsea kilichotwaa ubingwa wa England mwaka 1955, akaiwakilisha Uingereza katika michezo mitatu ya Olimpiki, na miaka yote hiyo alibaki mchezaji wa ridhaa. Mechi ya marudio, ambayo United ilishinda 5–2, haikuchezwa Green Pond Road. Ilihamishiwa Highbury, kwa Arsenal.

Hoja ya 1974 ina mvuto kwa sababu ina tarehe. Lakini tukiichunguza kwa makini, tarehe hiyo haielezi mengi. Umati wa Wembley ulikuwa umepungua muda mrefu kabla yake. Kiwango cha juu cha mshahara katika soka la kulipwa kilifutwa mwaka 1961, televisheni ikaingia majumbani, na malipo ya chinichini kwa wachezaji wa ridhaa yalikuwa siri iliyojulikana na kila mtu. FA ilifuta neno lililokwisha kupoteza maana. Zaidi ya hapo, klabu nyingine zilizolelewa katika ridhaa hiyohiyo ziliendelea vizuri. Wycombe Wanderers, mabingwa wa Amateur Cup mwaka 1931, waliingia Football League mwaka 1993. Sutton United walifika huko mwaka 2021. Kama sheria ya 1974 ilikuwa sumu, mbona wengine waliinywa wakapona?

Jibu naliona katika mfuatano wa viwanja. Ilford, klabu ya mwaka 1881, ilishaondoka katika uwanja wake wa Newbury Park ilipoungana na Leytonstone mwaka 1979. Leytonstone ilikuwa na Granleigh Road, kando ya kituo cha reli, mahali ambapo mwenye kiwanja hakosi mnunuzi. Mwaka 1986 Granleigh Road iliuzwa, na Leytonstone-Ilford ikahamia Green Pond Road kama mpangaji wa Avenue. Miaka miwili baadaye mpangaji na mwenye nyumba wakaungana, na jina lililobaki ni la mpangaji. Green Pond Road nao ukageuka makazi. Mwaka 1991 klabu hiyo ilihamia Victoria Road, uwanja wa Dagenham, na mwaka 1992 ikaungana na Dagenham. Ukiziweka tarehe hizi kando ya nyingine, utaona kila muungano ukija pamoja na uwanja uliopotea au uliokuwa wa kuazima.

Ushahidi ninaoutegemea kuliko mwingine wowote ni msimu wa 1988–89. Ulikuwa msimu wa kwanza baada ya Avenue kumezwa, na timu ya pamoja ilitwaa ubingwa wa Isthmian League. Ubingwa huo ulikuwa njia ya kupanda Conference, ngazi ya mwisho kabla ya Football League. Aliyepanda ni Farnborough Town, aliyeshika nafasi ya 2, kwa sababu uwanja wa mabingwa haukukidhi masharti. Wachezaji walikuwa tayari, pointi zilikuwepo, kocha alikuwa amemaliza kazi yake. Kilichokosekana ni uwanja unaokidhi masharti, na hakuna mtu anayewekeza katika kiwanja ambacho kesho kitauzwa. Klabu ilibadili jina, ikawa Redbridge Forest, ikatwaa ubingwa tena mwaka 1991, na safari hii ikapanda, kwa kuwa ilikuwa imeshahamia Dagenham. Timu ileile iliyokwama ikiwa Walthamstow ilipita ilipopata lango la mtu mwingine. Sijui namna nyingine ya kuusoma ukweli huu isipokuwa kwamba ardhi ndiyo iliyoamua.

Itasemwa kwamba katika miaka ya 1980 Avenue yenyewe haikuwa tena kinara wa Isthmian. Ni kweli. Lakini klabu dhaifu yenye kiwanja hushuka daraja, husubiri kizazi kingine, hupanda tena. Ndivyo madaraja ya chini yanavyoishi. Itasemwa pia kwamba Bishop Auckland, waliotwaa Amateur Cup mara 10, waliondoka Kingsway mwaka 2001, wakatangatanga hadi walipopata Heritage Park mwaka 2010, na bado wapo. Nalikubali, ila wao wana mji wao peke yao kaskazini, ambako kungoja miaka tisa kunawezekana. Mfano wa London wenyewe ni Enfield: Southbury Road iliuzwa mwaka 1999, mashabiki wakajitenga mwaka 2001 na kuunda Enfield Town, na klabu ya zamani ikafungwa mwaka 2007. Wycombe, kwa upande wao, waliondoka Loakes Park mwaka 1990 wakiwa na Adams Park ya kuingia.

Kuhusu hoja ya ukoo, majina yenyewe yanatosha kuikataa. Katika Redbridge Forest, neno Forest lilibeba kumbukumbu ya Waltham Forest, manispaa iliyoichukua Walthamstow mwaka 1965. Mwaka 1992 neno hilo liliondolewa. Hivyo hiyo inayoitwa mrithi haina jina la Walthamstow, haina kiwanja chake, na inacheza katika manispaa nyingine kabisa. Klabu inayoitwa Walthamstow FC tangu 2018, pale Wadham Lodge, ina nasaba nyingine. Mtoto aliyezaliwa karibu na Green Pond Road baada ya 1988 hana Avenue ya kuishangilia, hata kama jedwali linamwambia kwamba timu yake iko Dagenham.

Kwa hiyo napendekeza marekebisho mawili. Majedwali ya mataji yaandike Walthamstow Avenue, 1900–1988, na kuyaacha makombe yake ya 1952 na 1961 chini ya jina hilo, bila kuyahamishia kwa Dagenham & Redbridge. Na yeyote atakayetafiti kifo cha klabu nyingine ya ridhaa ya London aanze na hati za umiliki wa kiwanja kabla ya kufungua jedwali la matokeo. Nina hakika kwamba katika klabu nyingi kati ya hizo mwaka 1974 utabaki kuwa tanbihi tu.