Kulima si Mazoezi

Mwambie mama wa Kasulu mwenye goti linalosagika kwamba afanye mazoezi, atacheka. Mazoezi gani tena? Tangu alfajiri ameshapanda mlima, ameinamia maharage, ameteremka bondeni na kurudi na ndoo ya lita 20 kichwani. Ana haki ya kucheka. Lakini kulima si mazoezi, na hapo ndipo Buha, nchi ya Waha huko Kigoma, inapoachana na wenzake wa mbali.

Tuanze na sifa. Mtazame mwanamke wa Kibondo akitua ndoo: shingo haitetereki, anashuka kwa nyonga na magoti, mgongo umenyooka kama mchi. Mwaka 1986 watafiti waliopima wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya waliandika katika jarida la Nature kwamba mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili, uwe kichwani au mgongoni kwa mkanda wa kipajini, haukuwala nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu. Sifa hiyo tunapenda kuirudia, hesabu yake tunaisahau. Kwa mama wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Ndoo iliyojaa ni kilo 20 na ushee. Halafu kilichopimwa ni pumzi, si gegedu za magoti.

Sasa hao wenzake wa mbali. Moshé Feldenkrais, mhandisi aliyezaliwa Ukraine mwaka 1904, aliumia goti akicheza mpira mwaka 1929. Badala ya kukimbilia kisu, alianza kujichunguza: uzito unaangukia wapi, nyonga inasaidia nini. Njia aliyoitunga hufanywa polepole mno, mara nyingi mtu akiwa amelala chini. Mkulima wa Buha angeiita uvivu. Mimi naiona anasa yenye akili, maana mwenye haraka hurudia kosa lilelile hata likawa ndiyo mwendo wake.

Wadenmark, tangu 2013, wana mpango wa magoti yanayouma uitwao GLA:D: mafunzo kidogo, kisha vipindi 12 vya mazoezi mbele ya msimamizi. Kuinuka kitini, kupanda ngazi, goti likielekea vilikoelekea vidole vya mguu bila kuangukia ndani. Maumivu kidogo yanavumilika mradi yatulie kufikia kesho yake, yasipotulia, unapunguza.

Kule goti lina kipimo. Kwetu kipimo ni shamba: likiisha ndiyo umemaliza, liwe limekuumiza au la. Na goti likigoma tunarukia upande wa pili, mgonjwa akalishwe, achuliwe kwa mafuta ya uvuguvugu (Kigoma mawese hayakosekani), asiguse kitu. Kuchua kunatuliza, sibishi. Ila paja lisilo na kazi hunyauka, na goti hubebwa na paja.

Asiye na mtaalamu wa mazoezi tiba karibu aanze na benchi la barazani. Kigoda cha jikoni ni kifupi mno. Mikono kifuani, inuka taratibu, keti taratibu bila kujitupa, mara 10, pumzika, rudia. Goti lililovimba na kuwa la moto lisifanyiwe haya, lipelekwe kituo cha afya.

Hata hivyo, benchi halitaishinda ndoo. Nyumba nyingi za Kasulu na Kibondo zina baiskeli, nayo hubeba mkaa, ndizi na bwana mwenyewe. Baba, ifungie madumu ya maji.