Cheni za Tingatinga: Kutoka Kongwa Hadi Buzebazeba

Wiki hii nimezama kwenye historia ya mashine, na kabla hamjanikimbia ngojeni kwanza, sizungumzii injini. Nazungumzia kile ambacho mashine inakanyagia: cheni. Zile cheni za chuma za tingatinga, na hizi za mpira ambazo siku hizi tunaziona kwenye vimashine vidogo vya kubeba kifusi. Ukifuata cheni utaielewa historia ya maendeleo yetu vizuri kuliko ukifuata sherehe za kukata utepe. Wenye haraka wakapate chai, wengine tusonge.

Mwaka 1904 kule Stockton, California, bwana mmoja aitwaye Benjamin Holt alikuwa anauza mashine za mvuke za kulimia. Zilikuwa nzito kweli kweli, zikifika kwenye udongo laini zinazama. Akatoa magurudumu ya nyuma, akaweka mbao zilizoungwa kwa cheni. Uzito ukatandazwa, mashine ikatembea juu ya tope. Aliyewahi kuvuka majaruba ya bonde la Luiche akikanyaga ubao anaijua kanuni hiyo bila kufundishwa. Mashine ikapewa jina la Caterpillar, mwaka 1925 likawa jina la kampuni, na sisi tukalitia Kiswahili: katapila.

Sasa, cheni ya chuma ni vipande vingi vilivyounganishwa kwa pini na bushi. Mchanga ukiingia katikati, pini inalika. Ikilika, cheni inarefuka na kulegea, inapanda juu ya meno ya spoketi na kuyala nayo. Lakini ina uzuri wake: kipande kimoja kikiharibika, fundi anakitoa hicho hicho. Mwenye mashine ya kukereza chuma anaweza hata kukuchongea pini. Ila lazima fundi awepo, vifaa viwepo, na muda uwepo. Hapo ndipo tunaingia Kongwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company alitoa wazo la kulima karanga kwa mashine huku Tanganyika, na serikali ikatuma ujumbe wa John Wakefield kuangalia ardhi. Ukaja mpango wa ekari zaidi ya milioni 3, na maeneo matatu: Kongwa, Nachingwea na Urambo. Waziri wa Chakula, John Strachey, akaushikia bango. Mwaka 1947 walitaka wafyeke ekari 150,000. Mwaka ulipoisha walikuwa na kama 7,500 tu.

Kilichotokea ni hiki. Matrekta mapya ya cheni hayakupatikana, dunia nzima ilikuwa inayatafuta. Wakanunua yaliyobaki vitani, mengine yakatoka Ufilipino yakiwa yamechoka tayari. Yakaja Kongwa, kwenye vichaka vyenye mizizi migumu na udongo wa mchanga wenye chembe za kwazi. Mvua zikikatika, udongo ule unakauka na kuwa kama saruji, na chembe zake zinalika chuma kama msasa. Kabla mwaka 1947 haujaisha, sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imelala. Kule Uingereza Vickers-Armstrongs wakachukua vifaru vya Sherman, wakavigeuza kuwa matrekta wakayaita Shervick. Nayo hayakuokoa jahazi. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikanyoosha mikono, pauni kama milioni 36 zikiwa zimekwenda na maji.

Watu wamezoea kuusimulia mpango ule kama kichekesho: wazungu walikuja kulima karanga wakavuna madeni. Sawa, cheka. Lakini mimi naona kosa lenyewe ni la kawaida sana, na bado linaishi kati yetu. Walihesabu ekari kabla ya kuhesabu pini na bushi. Mashine ilitangulia, karakana ikafuata. Wakachukua vijana wa Kiafrika, wakawafundisha kuendesha haraka haraka, halafu kila kilichovunjika kikawa "kosa la dereva". Kuhusu mishahara na chakula cha watu hao hao hawakuwa na haraka. Desemba 1947 wafanyakazi wa Kongwa waligoma, miezi michache tu baada ya mgomo mkubwa wa Dar es Salaam wa Septemba. Hata cheni ya binadamu inakatika ikivutwa sana.

Sisi wa Kigoma tunapita kwenye historia hiyo bila kujua. Ukitoka kwetu na treni kwenda Tabora unapita Urambo, na pale palikuwa moja ya mashamba yale matatu. Karanga zikashindwa, baadaye tumbaku ikashika. Wazee wetu wa Buha nao tayari walikuwa wamezoea kupakiwa kwenye mabehewa kama manamba kwenda kwenye mkonge. Kwa hiyo habari ya kujenga shamba la mtu mwingine kwa mgongo wako si hadithi ya mbali.

Haya, tuje kwenye mpira. Aliyeipa sifa cheni ya mpira ni Mfaransa Adolphe Kégresse, aliyekuwa akihudumia magari ya Mfalme Nicholas II wa Urusi. Alitaka gari litembee juu ya theluji. Baada ya mapinduzi akarudi kwao, akafanya kazi na Citroën. Oktoba 1924 msafara wa magari 8 ya Citroën yenye cheni zake uliondoka Algeria, ukiongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Waliuita Croisière Noire. Wakapita Kongo ya Wabelgiji, wakafika Kampala mwaka 1925, wakagawanyika makundi manne. Moja likaja Dar es Salaam, jingine Mombasa.

Hebu fikirini. Cheni za mpira zikipita Kongo! Nchi ambayo chini ya Mfalme Leopold II, kuanzia 1885 hadi 1908, watu waliuawa na kukatwa mikono kwa sababu ya mpira wa porini. Ukisimama ufukweni kwetu jioni hewa ikiwa safi, milima ya nchi hiyo unaiona kwa macho. Kwa hiyo nikiona cheni ya mpira sioni plastiki nyeusi tu.

Likizo iliyopita kimashine cha namna hiyo kilikuwa kinachimba mtaro mtaani kwetu Buzebazeba. Cheni ya kushoto ikachanika, kazi ikalala wiki kadhaa. Vibarua wa koleo, wanaolipwa kwa siku, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Si mnajua, Kigoma ni mwisho wa reli, na spea nayo hufika mwisho. Ilipofika nilikwenda kuangalia. Fundi akaondoa tope lote, akainua mashine na kuiegemeza kwenye magogo imara. Akafungua kifuniko pembeni na kulegeza vali ya grisi taratibu.

"Kijana, usisimame hapo mbele," akaniambia. "Grisi hii inatoka kama risasi, inaingia mwilini."

Grisi ikapungua, gurudumu la mbele likarudi nyuma, cheni ikatolewa kwa mtaimbo. Akakagua meno ya spoketi na rola moja moja, maana spoketi mbovu itaila cheni mpya. Kisha akavisha mpya kwenye spoketi kwanza, halafu mbele, akakaza vali na kupampu grisi mpaka ikakaza inavyotakiwa. Nikamuuliza, ile ya zamani si ingeshonwa tu?

"Ndani yake kuna nyaya za chuma," akasema. "Jiwe likikata mpira, maji yanaingia, nyaya zinaoza. Cheni ya chuma ikiumwa unaitibu. Hii ikiumwa, unazika."

Hapo nikaona miaka 70 na ushee imejikunja mbele yangu. Cheni ya chuma ilitudai mafundi. Cheni ya mpira ni kipande kimoja kisicho na pini, kwa hiyo inatudai pesa na utunzaji: usigeuze mashine papo hapo juu ya mawe, osha tope, pima ukazaji. Anayemiliki mashine kwa kweli ni yule anayeweza kuivisha cheni kesho asubuhi. Wengine wote tumeazimwa.

Basi siku mkiona mradi mpya na mashine zimepangwa zinang'aa, msiulize ni ngapi. Ulizeni cheni ya pili iko wapi, na fundi wake analipwa na nani. Kongwa hawakuuliza mapema. Na mtaani kwenu je, kuna mashine ngapi zimelala zinasubiri kipande? Nisimulieni. Mimi naingia maktaba, mtihani unanukia. Tuko pamoja!