Mpira wa Nani? Habari za Fainali ya Kwanza ya Kikombe cha Dunia

Wasikilizaji wangu, leo napenda kuwasimulieni habari za siku moja, nayo ni Jumatano, tarehe 30 Julai, 1930. Siku hiyo, katika mji wa Montevideo, ulio mji mkuu wa Uruguay huko Amerika ya Kusini, ulichezwa mchezo wa mwisho wa Kikombe cha Dunia cha kwanza. Aghalabu habari hizi huelezwa kwa mstari mmoja tu, kwamba Uruguay waliwashinda Argentina kwa magoli 4 kwa 2. Hesabu hiyo ni ya kweli, walakini haituambii kwamba ilibaki kidogo mchezo wenyewe usichezwe. Wala si kwa sababu ya mvua wala maradhi, bali kwa kuwa wakubwa wa pande mbili hawakuweza kupatana ni mpira upi utiwe uwanjani.

Ili kufahamu jinsi watu wazima walivyoweza kugombana hata wakafika hapo, yapasa tujue kwanza ujirani wao. Nchi hizi mbili zote zilitawaliwa zamani na Hispania, na watu wake husema Kihispania hata leo. Kati ya miji yao mikuu, Montevideo na Buenos Aires, yapo maji mapana ya mto Río de la Plata, na kutoka mji mmoja hata wa pili ni mwendo wa maili zaidi ya 120. Majirani wa namna hii hawaachi kupimana. Mwaka 1924 Uruguay walitwaa ushindi wa kandanda katika michezo ya Olimpiki mjini Paris. Mwaka 1928, mjini Amsterdam, walikutana na Argentina katika fainali. Wakatoka sare 1 kwa 1, ikabidi warudiane, na Uruguay wakashinda 2 kwa 1. Mwaka uliofuata, katika mashindano ya Amerika ya Kusini, Argentina wakawafunga Uruguay 2 kwa 0 huko Buenos Aires. Basi kila upande ulikuwa na sababu ya kujiita bora.

Uruguay ni nchi ndogo, na siku zile watu wake hawakutimia milioni mbili. Hata hivyo walijitolea kuwalipia wageni wote nauli na malazi, wakaahidi na kiwanja kipya, kwa kuwa mwaka 1930 ulikuwa umetimia miaka 100 tangu katiba yao ya kwanza. Kiwanja hicho kiliitwa Centenario, na aliyekichora ni Juan Antonio Scasso. Mafundi walikijenga mbio mbio, walakini mashindano yalipoanza tarehe 13 Julai kilikuwa hakijawa tayari. Mchezo wa kwanza ndani yake ulichezwa tarehe 18, sikukuu yenyewe ya katiba. Timu zilizokuja zilikuwa 13 tu. Kutoka Ulaya zilikuja 4, yaani Ufaransa, Ubelgiji, Romania na Yugoslavia, kwa maana safari ya bahari ilikuwa ndefu na wengi hawakutaka kuacha kazi zao miezi miwili kwa ajili ya mchezo. Kikombe chenyewe kilisafiri melini pamoja na Jules Rimet, mkuu wa chama cha kandanda cha dunia.

Hapa nataka kusimama kidogo nimtaje mchezaji mmoja wa Uruguay, José Leandro Andrade. Alikuwa mtu mweusi, na Wafaransa waliomwona akicheza Paris walimwita Ajabu Nyeusi. Bandari ya Montevideo katika siku za utumwa ilipokea meli nyingi kutoka Angola na Kongo, na nyingine zilizotoka pwani ya Msumbiji, kusini kwetu hapa. Wazao wa watu wale ndio waliozaliwa raia wa Uruguay. Mwaka 1916, Uruguay walipowafunga Chile 4 kwa 0, Wachile walitaka ushindi ule ubatilishwe, wakidai kwamba Uruguay walikuwa wamechezesha Waafrika wawili. Watu hao walikuwa Juan Delgado na Isabelino Gradín, na Gradín ndiye aliyefunga magoli mawili kati ya yale manne. Madai hayo hayakubadili kitu. Nayataja kwa sababu watu husema kwamba zamani mchezo ulikuwa safi na magomvi yamekuja baadaye. Kumbe swali la nani astahili kucheza, na kwa masharti ya nani, lilikuwapo tangu mwanzo.

Turudi kwenye fainali. Argentina walikuwa wamewafunga Marekani 6 kwa 1, na Uruguay wakawafunga Yugoslavia vivyo hivyo, 6 kwa 1. Habari ilipofika Buenos Aires kwamba majirani watakutana tena, maelfu ya watu walijazana bandarini wakitafuta nafasi melini. Usiku ukungu mzito ulitanda juu ya mto, na wengine hawakufika mpaka mchezo umekwisha. Waliofika walipekuliwa na askari, wasije wakaingia kiwanjani na bastola.

Refarii aliyechaguliwa alikuwa John Langenus, Mbelgiji, ambaye desturi yake ilikuwa kuchezesha akiwa amevaa koti na tai, na suruali iliyobanwa chini ya magoti. Kabla ya kukubali kazi ile alitaka ahadi ya ulinzi kwa ajili yake na washika bendera wake. Wengine humcheka kwa jambo hilo. Mimi simcheki, mwenye kuhukumu kati ya ndugu wawili waliokasirika ana haki ya kujua mlango wa kutokea uko wapi.

Ndipo likaja neno la mpira. Argentina walitaka mpira wao, na Uruguay wao. Sheria ya siku zile ilisema mzunguko wa mpira uwe inchi 27 hata 28, na uzito wakia 13 hata 15. Kwa hiyo mipira miwili iliweza kutofautiana kwa wakia mbili, na yote miwili ikawa halali. Mpira wa ngozi ulioshonwa kwa mkono una tabia yake, na mguu uliouzoea huijua. Langenus hakuwapa Argentina haki yote wala hakuwapa Uruguay. Aliamua mipira yote miwili itumike: nusu ya kwanza wa Argentina, nusu ya pili wa Uruguay.

Dakika ya 12 Pablo Dorado aliwafungia Uruguay. Dakika ya 20 Carlos Peucelle akasawazisha, na dakika ya 37 Guillermo Stábile akawatanguliza Argentina. Kapteni wa Uruguay, José Nasazzi, alimwendea refarii akidai kwamba Stábile ameotea. Langenus akakataa, goli likakaa. Huyu Stábile aliingia timuni kwa bahati tu, kwa kuwa kapteni wa Argentina, Manuel Ferreira, aliukosa mchezo wa Mexico ili arudi nyumbani kufanya mtihani wake wa chuo kikuu. Wanafunzi wanaonisikiliza watapenda kujua kwamba Stábile alifunga magoli matatu katika mchezo ule, akamaliza mashindano ana magoli 8, mengi kuliko mtu ye yote.

Katika nusu ya pili Pedro Cea alisawazisha dakika ya 57, Santos Iriarte akafunga la tatu dakika ya 68 kwa mkwaju wa mbali, na dakika ya 89 Héctor Castro akafunga la nne kwa kichwa. Castro alikuwa na mkono mmoja mzima tu. Wa pili ulikatwa na msumeno wa umeme alipokuwa mtoto.

Basi, kwa mpira wa Argentina, Argentina waliongoza 2 kwa 1. Kwa mpira wa Uruguay, Uruguay walipata 3 na wenzao hawakupata kitu. Mtu apendaye hesabu nyepesi atasema mpira ndio ulioshinda. Mimi sikubali. Dorado alifunga goli lake kwa mpira wa Argentina. Zaidi ya hayo, Francisco Varallo wa Argentina aliingia na goti bovu, likamtonesha tena katikati ya mchezo, na siku zile hapakuwa na ruhusa ya kubadili mchezaji. Luis Monti, nguzo yao ya katikati, alikuwa ametishwa kwamba atauawa, akacheza kama mtu asiyekuwapo. Madhara ya mipira miwili naona hayakuwa katika magoli. Yalikuwa katika kumwachia aliyeshindwa udhuru uliokwisha kutengenezwa tangu kabla ya filimbi.

Na udhuru ule ulitumika upesi. Kesho yake Uruguay ilikuwa sikukuu ya taifa zima. Buenos Aires, watu waliupiga mawe ubalozi mdogo wa Uruguay mpaka askari wakawatawanya, na vyama vya kandanda vya nchi hizi mbili vikavunja uhusiano wao. Mwaka 1934, mashindano yalipofanywa Italia, mabingwa Uruguay hawakwenda, wakikumbuka jinsi Wazungu wengi walivyokataa kuja kwao. Monti yeye alikwenda, tena akiichezea Italia, akashinda fainali ile. Naye ni mtu wa pekee aliyecheza fainali mbili kwa nchi mbili mbali mbali. Varallo, yule wa goti, aliishi kuliko wote waliocheza Montevideo siku ile. Alifariki tarehe 30 Agosti, 2010, akiwa na umri wa miaka 100.