Mashine ya Langoni na Kifaa cha Mwilini

  Kama uko jikoni endelea na kazi yako, ila waambie watoto wapunguze kelele kidogo. Leo hatuna ugonjwa wa kuzungumzia. Tuna safari.

Kuna chama kimoja cha akina mama hapa kwetu ambacho kimeweka akiba kwa muda mrefu ili wanachama wakaione bahari. Mpango ni kupanda matatu hadi Nairobi kupitia Chuka na Embu, kisha treni hadi Mombasa. Mmoja wao, nyanya mwenye wajukuu wanne, aliwekewa kifaa cha kusaidia moyo kupiga, kile ambacho madaktari hukiita pesimeka. Jirani akamwambia, "Wewe usithubutu. Ukipita tu kwenye ile mashine ya stesheni, inakizima, unaanguka papo hapo." Nyanya akaomba arudishiwe pesa zake. Binti yake ndiye aliyetuuliza kama jirani alisema kweli.

Hakusema kweli. Lakini maneno yale hakuyaokota hewani pia. Hofu hiyo ina historia yake, na ndiyo tunayoifuata leo.

Mashine ya langoni, ile inayolia ikikuta chuma, wengi hudhani ilibuniwa na polisi. Kumbe mojawapo ya zile za kwanza kabisa ilitengenezwa kwa ajili ya mgonjwa kitandani. Tarehe 2 Julai 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi. Risasi moja ikabaki mwilini na madaktari hawakujua ilikokwama. Eksirei haikuwapo, ilikuja kugunduliwa mwaka 1895. Basi Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaunda chombo cha waya na umeme ambacho kingetoa sauti kikikaribia chuma. Alikipitisha juu ya mwili wa rais lakini risasi hakuipata. Inasemekana springi za chuma za kitanda zilikivuruga. Garfield alifariki tarehe 19 Septemba mwaka huo huo, na wengi walioandika habari zake husema kwamba mikono na vyombo vichafu vya madaktari vilimdhuru kuliko risasi yenyewe. Habari ya kunawa mikono tumeirudia mara nyingi katika kipindi hiki, kwa hiyo leo nawaachia.

Kanuni ya chombo cha Bell ndiyo ya lango la leo. Umeme ukizunguka kwenye waya huzaa nguvu kidogo ya sumaku. Chuma kikipita karibu, nguvu ile huyumba, na mashine hulia. Ndani ya lango hilo hakuna eksirei. Mama mjamzito anapita bila wasiwasi. Eksirei iko kwenye mashine nyingine yenye mkanda, ile ya mizigo, na humo hupita mkoba wako, si wewe.

Sasa tuje kwenye kifaa cha moyo. Miaka sabini na saba baada ya Garfield, huko Uswidi, palikuwa na mgonjwa aliyeitwa Arne Larsson, mwenye umri wa miaka 43. Moyo wake ulikuwa ukisimama mara nyingi kwa siku moja, anazimia, anazinduliwa, anazimia tena. Mkewe, Else-Marie, alisikia kwamba daktari mpasuaji Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist walikuwa wakijaribu kifaa cha kuupigisha moyo kwa umeme. Akawaendea. Wakamwambia kifaa bado hakijawa tayari kuwekwa mwilini mwa mtu. Hakukubali. Alikuwa akitoka kwa mmoja anakwenda kwa mwingine, mpaka wakakitengeneza. Nyinyi mliowahi kuzunguka na mgonjwa kutoka idara moja ya hospitali hadi nyingine mnamwelewa mama huyu bila mimi kueleza zaidi.

Tarehe 8 Oktoba 1958 Larsson akapasuliwa na kuwekewa kifaa. Elmqvist alikuwa amemimina plastiki ngumu kuzunguka mitambo ile midogo, na kalibu aliyotumia ilikuwa kopo la rangi ya viatu, kama lile lililo chini ya kitanda chako. Kifaa cha kwanza kilifanya kazi kwa saa chache tu, wakamwekea cha pili. Katika maisha yake Larsson aliwekewa vifaa zaidi ya ishirini. Alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86, baada ya daktari wake na mhandisi wake wote wawili kutangulia. Wala hakuuawa na moyo, ilikuwa saratani.

Vifaa vya mwanzo vilipiga tu, moyo utake usitake. Kuanzia miaka ya sitini vikaja vinavyousikiliza moyo kwanza: ukipiga wenyewe, kifaa hunyamaza, ukichelewa, kifaa huusukuma. Hapo ndipo hofu ya jirani ilipozaliwa. Kitu kinachosikiliza kinaweza kudanganywa na kelele ya umeme kutoka nje, kikadhani ni moyo, kikanyamaza pasipofaa. Miaka ile hata karibu na tanuri za maikrowevu paliwekwa mabango ya kuwaonya wenye vifaa vya moyo. Halafu mafundi wakavifunika kwa madini ya titani na kuviwekea vichujio vya kuzuia kelele hizo. Jirani anasimulia tahadhari ya zamani kana kwamba ni ya leo.

Na malango je, yalifikaje kwetu? Marekani ilianza kukagua abiria wote wa ndege tarehe 5 Januari 1973, kwa sababu ya utekaji wa ndege. Meli zilichelewa. Tarehe 7 Oktoba 1985 watu wenye silaha waliiteka meli ya watalii iitwayo Achille Lauro karibu na Misri, wakamuua abiria mmoja, Leon Klinghoffer, mzee wa miaka 69 aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwaka uliofuata ukatolewa mwongozo wa kulinda abiria wa meli, lakini sheria kali ya kimataifa kwa meli na bandari ilianza tarehe 1 Julai 2004, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 huko Marekani. Bandari ya Mombasa nayo ikaingia chini ya sheria hiyo.

Sisi hatukungoja kuambiwa na watu wa meli. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu la Nairobi liliua zaidi ya watu mia mbili. Tarehe 28 Novemba 2002 ikawa Kikambala, kaskazini ya Mombasa. Tarehe 21 Septemba 2013 ikawa Westgate. Kila msiba uliongeza askari mlangoni na kifaa cha mkononi cha kupapasa chuma, mpaka leo unakaguliwa ukiingia benki, dukani, hata kanisani siku ya sherehe. Treni mpya ya Mombasa ilipoanza mwaka 2017, ukaguzi ulikuwapo tangu siku ya kwanza: mbwa wananusa mizigo iliyopangwa mstari, mkoba unapita kwenye mkanda, mtu anapita langoni.

Mkifika Mombasa, huenda mkawaona wazee wa Kizungu wakitembea Fort Jesus baada ya kushuka meli ya watalii pale Kilindini. Wapo kati yao wenye vifaa vya moyo, nyonga za chuma na magoti ya chuma. Wakirudi melini kila mmoja anakaguliwa tena, na bandari inayofuata hivyo hivyo. Wanapita, wanakwenda kula chakula cha jioni.

Basi nyanya afanye nini? Atembee langoni kwa mwendo wake wa kawaida, asisimame katikati wala kuegemea nguzo zake. Kabla hajafika, aonyeshe kadi aliyopewa hospitalini siku alipowekewa kifaa, na aseme: "Nina kifaa cha moyo hapa kifuani, naomba nikaguliwe kwa mkono." Mwanamke hukaguliwa na askari wa kike. Ikibidi kutumia kile kifaa cha mkononi, kisishikiliwe juu ya kifua. Kipite upesi, kisirudiwe-rudiwe. Akihisi kizunguzungu asogee mbali na mashine na aketi.

Wengine wenu mna maswali yenu. Kijana aliyevunjika paja kwa bodaboda akafungwa chuma, lango linaweza kulia. Hakuna hatari, ni maelezo tu yanayohitajika, na kovu lake linajieleza. Koili ina shaba kidogo mno na kwa kawaida hailizi mashine. Vijiti vya kupanga uzazi vya mkononi ni plastiki, havina la kusema. Anayetumia pampu ya insulini asiiweke kwenye mkanda wa eksirei. Aombe ikaguliwe kwa mkono. Mtoto aliyewekewa mrija wa kutoa maji kichwani anapita salama. Ikiwa vali ya mrija huo ni ile ambayo daktari huirekebisha kwa sumaku kutoka nje, chunga zaidi spika na vichezeo vyenye sumaku ambavyo mtoto huviweka karibu na kichwa. Hujui vali yake ni ya aina gani? Uliza kliniki siku ya marudio.

Kadi ndiyo inayonipa shida. Nimeona kadi zimefungiwa sandukuni pamoja na hati ya shamba, eti zisipotee. Nimeona pia iliyofuliwa ndani ya mfuko wa leso hadi ikafutika. Binti wa nyanya yetu tumemwambia aitolee nakala mbili pale sokoni Githongo: moja ibaki nyumbani, moja akae nayo mweka hazina wa chama, na yenyewe isafiri kwenye mkoba mdogo wa nyanya, si kwenye sanduku kubwa ambalo mbwa watakuwa wanalinusa mbali naye.

Nilipozungumza na binti mara ya mwisho, pesa zilikuwa bado kwa mweka hazina. Nyanya hajasema anakwenda. Ameuliza tu ni dirisha la upande gani mtu huona ndovu wa Tsavo.